Mchunga Darasani: Ua Lisilofanana na Picha ya Ubaoni

Miongoni mwa masomo ya Sayansi katika shule za msingi, somo la sehemu za ua ni moja la yale ambayo mwanachuo huyapenda sana. Sababu yake si ngumu kuiona. Picha yake huchoreka upesi, majina yake ni machache, na mwalimu amalizapo huweza kuona kwa macho yake kwamba watoto wamenakili kila kitu. Sepali, petali, stameni, pistili: maneno manne, mishale minne, na kipindi cha dakika arobaini kimekwisha.

Sisi tunaowatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha katika Wilaya za Mbulu na Hanang tumeliona somo hilo likifundishwa mara nyingi, na karibu kila mara lilifundishwa kwa picha ile ile: ua kubwa lenye petali tano, pistili ndefu katikati, na stameni zilizopangwa vizuri kama askari wa gwaride. Ua hilo ni haibiskasi. Hatulilaumu. Ni ua jema la kuanzia, kwa kuwa kila sehemu yake ni kubwa na haina maficho. Shida ni kwamba ni ua la bustani, tena la mahali penye maji, na shule nyingi tunazozitembelea hazina bustani wala maji ya kuinyweshea.

Msomaji asiyezijua wilaya hizi huenda akadhani tunatia chumvi. Ni kweli kwamba nyanda za juu za Mbulu, huko Tlawi na Dongobesh, zina ubaridi na ukungu, na mtoto wa huko hakosi ua la kuchuma. Lakini teremka kuelekea bonde la Yaeda, au zunguka Mlima Hanang, wenye urefu wa meta 3,417, hadi ufike upande wa Ziwa Balangida. Hapo utakuta nchi nyingine kabisa. Ziwa lenyewe ni la chumvi, na katika miaka ya ukame hukauka likabaki uwanja mweupe unaoumiza macho. Uwanda wa Basotu, ambako mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig, huwa wa kahawia tupu. Tangu Juni hadi Oktoba mvua ni kama hakuna. Na mara nyingi ni katika miezi hiyo hiyo ndipo mwanachuo wetu, akiwa na azimio lake la kazi mkononi, huwaambia watoto wa darasa la tano, "Kesho kila mmoja aje na ua."

Watoto huja na nini? Tumewaona wakija na karatasi za peremende zilizofungwa kama ua. Tumewaona wakija mikono mitupu na kuadhibiwa. Lakini aghalabu huja na vijiua vya manjano au vyeupe vilivyochumwa kando ya njia, na karibu vyote ni vya jamaa moja. Jamaa hiyo ni ile ya alizeti.

Jamaa ya alizeti ni mojawapo ya jamaa kubwa kabisa za mimea duniani. Ina aina zaidi ya 20,000, na nyingi kati yake zimezoea nchi kame. Alizeti inayolimwa Hanang kwa ajili ya mafuta ni ya jamaa hii. Pareto ya nyanda za juu za kusini ni ya jamaa hii. Kishonanguo, ambacho kila mtoto amekitoa kwenye soksi au kwenye shuka, ni cha jamaa hii. Na mchunga, mboga ile chungu ambayo bibi zetu huichemsha na kumwaga maji ya kwanza kabla ya kuiunga kwa karanga, nao ni wa jamaa hii. Wataalamu huuita Launaea cornuta. Tutautumia mchunga kuwa mfano wetu mkuu, maana ni mmea wa kwetu Afrika, hauhitaji kupandwa, na huendelea kutoa maua wakati mimea mingine imekwisha kukata tamaa. Siri yake iko chini ya ardhi: una mashina yanayotambaa udongoni mbali na macho ya jua. Mkulima anayeukata kwa jembe akidhani ameuua huwa ameugawanya tu, na mvua inyeshapo huuona umeota mahali patatu badala ya pamoja.

Sasa, ua la mchunga halifanani na picha ya ubaoni. Hilo ndilo jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Katika msimu mmoja wa mazoezi, mwezi Septemba, tuliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja iliyo chini ya mlima. Watoto walikuwa zaidi ya sitini. Mwanachuo alikuwa kijana mwenye bidii. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na ubao wake ulipendeza. Alichora haibiskasi, akataja sehemu nne, watoto wakazirudia kwa sauti, kisha akawaambia wafungue maua waliyokuja nayo na kuzionyesha sehemu hizo. Wengi walikuwa na mchunga, kwa kuwa uliota kando ya tangi la shule ambako maji yalikuwa yakivuja. Darasa likatulia kwa kazi. Baada ya kitambo kidogo mtoto mmoja wa kike wa mstari wa tatu akanyosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimeona pistili nyingi."

"Pistili ni moja, iko katikati. Tazama ubaoni."

"Lakini mwalimu, kila petali ina yake."

"Petali haina pistili. Kaa chini."

Akakaa. Mwanachuo alipopita kusahihisha madaftari, alikuta kwamba mtoto yule hakuchora picha ya ubaoni. Alikuwa amechora kitu kimoja chembamba, kama ulimi: juu kina meno matano madogo, katikati kina uzi uliogawanyika ncha mbili, na chini kina mbegu yenye nywele. Mwanachuo alitia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Chora kama ubaoni." Mtoto akafuta. Mpira wa kufutia ulikuwa mbaya, karatasi ikatoboka.

Tumeyatembelea madarasa mengi, na hatusemi hili kwa kutaka kumsifu mtoto kupita kiasi: mchoro ule uliofutwa ulikuwa mchoro bora wa ua kuliko yote tuliyoyaona katika ziara za miaka kadhaa. Kila kitu alichochora kilikuwa kweli. Alikuwa ameona kile ambacho mkufunzi hupoteza kipindi kizima akijaribu kumwonyesha mwanachuo.

Si desturi yetu kumkatiza mwanachuo mbele ya watoto, na hatukumkatiza. Kipindi kilipokwisha tulikwenda naye chini ya mti, tukamwekea gotini kichwa kimoja cha mchunga na mwiba wa mgunga, tukamwomba atoe petali moja tu bila kuikata. Alidhani ni mzaha. Akaanza kuchokoa. Petali ilitoka, na pamoja nayo ukatoka uzi wenye ncha mbili, na chini yake kijimbegu cheupe kilichozungukwa na nywele laini. Akatoa ya pili, ikawa vivyo hivyo. Akatoa ya tatu, ya nne, ya tano. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akauliza kama kitabu kimekosea.

Kitabu hakikukosea. Kitabu kilieleza ua moja. Mtoto alishika maua mengi. Kile tunachokiita ua la mchunga ni kichwa cha maua, yaani makumi ya vijiua vilivyosongamana juu ya kitako kimoja, na kila kijiua ni ua kamili lenye ovari yake, staili yake, na stameni zake tano. Meno matano yaliyo kwenye ncha ya ulimi ni ushahidi wa petali tano zilizoungana na kuwa moja. Stameni nazo zimeungana kwenye vichwa vyake, zikafanya mrija mwembamba unaoizunguka staili. Staili inapokua hupenya ndani ya mrija huo na kuisukuma chavua nje, kama vile mtu asafishavyo mtutu wa bunduki. Mdudu akitua juu ya kichwa kimoja, hata nyuki mvivu, huweza kuvichavusha vijiua vingi bila kuhama. Katika nchi ambako maji ni haba na wadudu si wengi, mpango huo una faida yake.

Katika alizeti utayaona mambo hayo kwa ukubwa zaidi, ila kuna tofauti. Zile "petali" kubwa za manjano zilizo pembeni ni vijiua tasa. Kazi yake ni kuita wadudu, na hazizai mbegu. Vijiua vizaavyo ni vile vidogo vya katikati, ambavyo katika kichwa kikubwa huweza kufika elfu moja na zaidi. Hufunguka safu kwa safu kuanzia pembeni kuelekea ndani. Kwa hiyo kichwa kimoja cha alizeti humwonyesha mtoto kwa wakati mmoja kijiua ambacho bado ni tumba, kijiua kilichofunguka na kutoa chavua, na kijiua kilichokwisha kuchavushwa na kuanza kuwa mbegu. Hatujui zana nyingine ya bure inayoweza kufanya hivyo.

Tunasisitiza neno "bure", na tuna neno la ziada kuhusu idadi. Wanachuo hulalamika, nao wana haki, kwamba somo la vitendo haliwezekani kwa darasa la watoto sabini. Kwa haibiskasi, kweli haliwezekani, kwa kuwa utahitaji maua sabini. Lakini vichwa vichache vya mchunga humtosha kila mtoto kupata ua lake mwenyewe, ua kamili, aliweke juu ya karatasi na kulichunguza. Kichwa kimoja cha alizeti kingewatosha watoto wa shule nzima. Jamaa hii ya mimea ni kama iliyokusudiwa kwa madarasa yetu yaliyojaa.

Kijiua ni kidogo, na lenzi hatuna. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo angavu, ukate kipande bapa cha ukubwa wa kidole gumba, kisha udondoshe tone moja la maji juu yake. Tone hilo ni lenzi. Likishikwa karibu sana na kijiua, ncha mbili za staili huonekana wazi. Zamani tulitumia mifuko myepesi ya plastiki kwa kazi hiyo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na kwa hakika kipande cha chupa ni bora zaidi kwa kuwa hakikunjamani.

Turudi kwa mwanachuo wetu. Jioni ile aliandika upya andalio la somo. Hatukumwandikia sisi. Tulimpa shauri moja tu, nalo lilihusu majina. Katika darasa lile walikuwamo watoto wa Kiiraqw, wa Kibarabaig na wa Kinyaturu, na huko Yaeda mwalimu huweza kupata pia watoto wa Kihadzabe. Wasomi wa lugha wanazo sababu za kuipenda sana sehemu hii ya nchi yetu, maana lugha za asili nne tofauti kabisa zinakutana humu: Kinyaturu ni cha Kibantu, Kiiraqw ni cha Kikushi, Kibarabaig ni cha Kinailoti, na Kihadzabe kina vidoko na hakina jamaa inayojulikana. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na hatuna nia ya kubishana na jambo hilo jema. Lakini mtoto wa darasa la tano ambaye Kiswahili amekianza shuleni huwa na maarifa mengi yasiyo na maneno ya Kiswahili. Ukimwuliza, "Huu ni mmea gani?" hunyamaza, nawe hudhani hajui. Mwulize, "Nyumbani mnauitaje?"

Mwanachuo aliuliza hivyo siku ya pili, naye alishangaa. Majina yalitoka matatu kwa mara moja, na mengine yalikuwa na sauti ambazo herufi za kawaida za Kiswahili haziwezi kuziandika. Ndiyo maana watu wa Mbulu wana mahali paitwapo Tlawi, na wageni hulitamka jina hilo kwa shida. Hatuyaandiki majina hayo hapa kwa kuwa yanatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, na mwalimu hana budi kuyachuma mwenyewe pale alipo. Baada ya majina yakaja maarifa. Mvulana mmoja mchungaji, ambaye hakuwahi kufungua kinywa wiki nzima, alieleza kwamba ukiuvunja mmea huo hutoa maziwa, kwamba mbuzi huupenda, na kwamba ukiwa umekauka juu, chini bado uko hai. Maneno yake ya mwisho yalikuwa sayansi safi. Mwanachuo aliyaandika ubaoni kama yalivyotamkwa.

Somo la siku ile lilikwenda vizuri kuliko la kwanza, isipokuwa kwa jambo moja. Ilikuwa siku ya mnada, na yule mtoto wa kike hakuja shuleni. Watoto sitini walisikia kwamba kila "petali" ya mchunga ni ua kamili lenye pistili yake. Yeye aliyeligundua hakulisikia.

Hapa wapo watakaosema kwamba jambo hilo ni dogo. Sisi hatuoni hivyo. Katika shule za vijijini, mtoto wa kike wa miaka kumi au kumi na mmoja anapima kila siku kama shule ni mahali pake. Nyumbani kuna maji ya kuchota, kuna mdogo wa kubeba, na siku ya mnada kuna mzigo wa kupeleka. Hakuna anayemwambia waziwazi aache shule. Hupungua kidogo kidogo. Alama nyekundu juu ya jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe huweza kuwa mojawapo ya sababu za kupungua huko, na mwalimu asijue kamwe. Tulimwambia mwanachuo kwamba neno lililosemwa mbele ya darasa zima hurudishwa mbele ya darasa zima, na kwamba mazoezi yake yalikuwa yanakwisha Ijumaa.

Mtoto alirudi Alhamisi. Mwanachuo alimwita mbele, akalifungua daftari lake, akasoma kwa sauti maneno aliyokuwa ameyaandika chini ya ile alama ya kosa: "Mchoro uliofutwa hapa ulikuwa sahihi. Mwalimu alikuwa hajatazama." Kisha akamwomba auchore tena, safari hii ubaoni, kando ya haibiskasi. Tulitazamia kwamba atafurahi. Hakuonyesha furaha yoyote. Alichora polepole, akarudi kwenye dawati lake, halafu akanyosha mkono.

"Basi mwalimu, sepali ziko wapi?"

Mwanachuo hakujua. Alijibu, "Tutazitafuta," na tukampa maksi kwa jibu hilo, ingawa fomu ya tathmini haina mahali pa kuliweka.

Swali la mtoto yule ni zuri kuliko linavyoonekana, na wanachuo wengi hulijibu vibaya. Husema kwamba sepali ni yale majani madogo ya kijani yanayokizunguka kichwa kwa chini. Sivyo. Majani yale hukilinda kichwa kizima, hayamo katika kijiua chochote. Ni kama ua wa boma unaozunguka nyumba nyingi, ilhali sepali ni mali ya kila nyumba peke yake. Sepali za mchunga ni zile nywele nyeupe juu ya kijimbegu. Hazikulinda tumba, zimebadilika zikawa mabawa. Upepo wa kiangazi ukivuma huibeba mbegu hadi shamba la jirani. Sasa chukua mbegu ya kishonanguo. Ni nyeusi, nyembamba, na juu yake ina meno mawili au matatu yenye vimiiba vinavyoelekea nyuma. Hayo meno ndiyo sepali zake. Kwa hiyo mtoto aliyevaa shuka na kupita porini asubuhi amekuja darasani na sepali nyingi zimemshikilia pindoni, na mwalimu anaweza kumwambia azichomoe na kuzihesabu. Hatudhani kwamba yuko mtoto atakayelisahau jambo hilo.

Kwa mchunga, kishonanguo na alizeti, mwalimu ana vipindi vitatu au vinne vyenye mazungumzo ya kweli. Yote matatu ni ndugu, lakini mchunga una ndimi tupu, alizeti ina ndimi pembeni na mirija katikati, na kishonanguo hutoka huku na huku: kimoja kina ndimi nyeupe nne au tano, kingine hakina hata moja. Mbegu za mchunga huruka, za kishonanguo hupanda wanyama na watu, za alizeti huliwa na ndege na binadamu. Mchunga ni wa Afrika. Alizeti na kishonanguo asili yake ni Amerika. Watoto hushangaa kusikia kwamba gugu lililojaa kwenye shamba la baba yao ni mgeni, na hapo Jiografia huingia yenyewe bila kubisha hodi.

Yuko mgeni mwingine wa jamaa hiyo hiyo, na kwa ajili yake tungeona kazi yote hii kuwa ya lazima hata kama mitihani isingeiuliza kamwe. Ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lililotambuliwa Arusha mwaka 2010. Majani yake yamekatikakatika kama ya karoti. Vichwa vyake ni vidogo, vyeupe hadi katikati, na kila kimoja kina pembe tano ndogo pembeni. Huota upesi, huchanua baada ya wiki chache, na mmea mmoja huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Likiingia malishoni huyafukuza majani mazuri. Ng'ombe akilila maziwa yake huwa na ladha mbaya. Na watu wengi wanaoligusa mara kwa mara hupata upele wa ngozi, na wengine hubanwa kifua kwa chavua yake. Mbegu zake husafiri katika matope ya magurudumu, katika kwato, katika magunia ya mbegu na marobota ya malisho. Barabara kuu itokayo Arusha hupita Babati na Katesh kuelekea Singida. Wilaya za wafugaji hazina haja ya kuelezwa maana ya maneno hayo.

Nani atakayeliona gugu hilo kwanza likichipua kando ya kituo cha basi au kwenye njia ya mifugo? Afisa ugani ana vijiji vingi na pikipiki moja. Mtoto wa shule hupita hapo kila siku mara mbili. Kama amefundishwa kutofautisha kichwa cha kishonanguo, chenye kitovu cha manjano na majani mapana yenye meno, na kichwa cha gugu karoti kilicho cheupe chote na majani yaliyochanika, ataweza kumwambia mwalimu. Kama amefundishwa kwamba ua ni ile picha ya ubaoni, kwake yote mawili ni nyasi tu. Mwalimu asilete gugu karoti darasani na asiwaruhusu watoto kuling'oa kwa mikono mitupu. Awaonyeshe picha au mchoro mkubwa, awaelekeze walitazame bila kuligusa, na habari zipelekwe kwa afisa ugani au ofisi ya kijiji. Likionekana kabla halijachanua, watu wazima wenye glavu wanaweza kuling'oa na kuliteketeza.

Kwa kuwa tumetaja kutoka nje ya darasa, tuongeze onyo jingine. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Makorongo ya mlimani si mahali pa kutafutia maua ya somo, hasa mvua zikianza. Njia ya shule, mpaka wa shamba na eneo la tangi vinatosha.

Limebaki suala la mtihani, ambalo wanachuo hutuuliza kila tunapolieleza jambo hili, tena kwa sauti ya chini. Mtihani huuliza ua lina sehemu kuu ngapi, na jibu linalotakiwa ni nne. Je, mtoto aliyefungua mchunga hatachanganyikiwa? Tumeyasahihisha majaribio ya madarasa ya wanachuo wetu, na tunachokiona ni kinyume. Mtoto aliyenakili mishale minne huipanga ovyo mara picha ikigeuzwa upande. Aliyeshika kijiua hujua kwamba ovari iko mahali mbegu itakapokuwa, na haoni sababu ya kuitafuta kwingine. Mwalimu awaambie watoto waziwazi kwamba mtihani huzungumzia ua la mfano, na kwamba mchunga ni maua mengi yaliyokaa pamoja. Watoto wanaokaa katika nyumba zenye lugha mbili na kuhesabu fedha za mnada hawashindwi na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Basi chagua kipindi cha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Maua yaliyochumwa alfajiri na kubebwa mkononi hunyauka kabla ya kipindi cha nne, kwa hiyo yawekwe katika kopo lenye maji, au, lililo bora, watoto wapelekwe pale mchunga ulipo. Miiba ya mgunga iokotwe siku moja kabla, na ihesabiwe inapotolewa na inaporudishwa. Na mwalimu wa zamu aambiwe mapema, maana siku ya usafi wa mazingira wanafunzi hufyeka kila kitu kilicho kando ya tangi.